Bomba Linalojiponya

Asubuhi ile Dakta Asumini Nakumbya alipanda ngazi za chuma za kituo cha gesi cha Mnali huku akiimba kwa sauti ya chini. Ilikuwa siku ya kujaribu valvu za dharura, kazi inayofanywa kila mwaka kabla ya masika, na yeye aliipenda kuliko kazi nyingine zote za kituo. Hakulazimika kuwepo. Yeye alikuwa mtu wa maabara, mtaalamu wa vijidudu, na valvu zilikuwa za mafundi. Lakini bomba lote lililotoka Mnali kwenda mjini lilikuwa na kitu chake ndani, na alipenda kusimama karibu nalo likikaguliwa, kama mzazi anayesubiri nje ya darasa siku ya mtihani.

“Shikamoo, Kaka Severini.”

“Marahaba, Daktari. Umekuja na chapati au mikono mitupu?”

“Ninazo. Utakula ukimaliza kazi.”

Severini Mmuya, kiongozi wa zamu, alikuwa mtu mrefu mwenye sauti nzito ya mwanakwaya. Pembeni yake Tunu Malibiche, fundi wa koki, alikuwa ameshachuchumaa akipangusa kioo cha geji kwa ncha ya kanga aliyojifunga kiunoni juu ya ovaroli. Walitenga kipande kimoja cha bomba, na Tunu akaanza kukiongezea presha kidogo kidogo.

Kazi ya valvu ya dharura ni moja tu. Presha ikizidi, ifunguke yenyewe, gesi ipande juu kwenye mlingoti mbali na watu, kisha ijifunge. Inapofunguka hupiga mluzi mkali ambao kila fundi wa Mnali aliujua. Mshale ulipokaribia alama nyekundu, Severini alijiziba masikio kwa vidole.

Mshale ukagusa alama. Kimya.

Mshale ukavuka alama.

“Tunu, acha! Funga hiyo!” Severini alikwishafika kwenye koki ya mkono, akaizungusha kwa nguvu, gesi ikatoka kwa njia ya pembeni ikivuma. Mshale ukarudi chini.

Walipoifungua valvu boliti kwa boliti, waliona. Pale palipotakiwa kuwa na tundu la kupitisha ngumi palikuwa na kitu cheupe, laini, kinachong’aa kama nyama ya dafu. Asumini alikigusa kwa ukucha. Kilikuwa kigumu kama kigae.

“Huu si ndio ule ukoga wako?” Severini aliuliza.

“Ni wangu,” Asumini alisema. Furaha yote ilikuwa imemtoka. “Ukoga umeona tundu, ukadhani ni jeraha. Umeliponya.”

*

Zamani, Asumini akiwa bado mwanafunzi, gesi ilivuja chini ya mtaa wa Kihogoni, ikajikusanya kwenye jiko la nyumba yenye harusi, na mtu akawasha kiberiti. Shangazi yake alikuwa mmoja wa wapishi. Baada ya mazishi, Asumini hakutaka kusomea kitu kingine. Kwenye matope ya mikoko, mahali ambapo mapovu ya gesi hutoka ardhini yenyewe, aliokota vijidudu vinavyoila gesi hiyo. Akavizalisha, akavichagua, akavibadilisha kizazi kwa kizazi, mpaka akapata ukoga unaoota ndani ya bomba kama utando mwembamba.

Bomba likiwa zima, ukoga ulilala. Likitoboka, hewa ya nje ikikutana na gesi, uliamka, ukajaa kwenye tundu na kuganda kabla pua ya mtu haijanusa chochote. Ili usizibe milango ya valvu, Asumini aliipaka dawa ambayo ukoga uliikimbia. Tangu hapo mji ulisahau harufu ya gesi. Paa za nyumba zote zilinasa jua, na kiangazi zilitosha, ila mawingu ya masika yalipotanda, kila jiko, kila tanuri na kila taa ya mtaani ilitegemea Mnali. Watu walipika, wakalala, hawakuwaza bomba.

Dawa ile ilikuwa bado ipo kwenye valvu. Ukoga ndio uliokuwa umebadilika. Vizazi vya karibuni viliizoea, vikaota juu yake kana kwamba ni chuma cha kawaida.

Hadi jioni walikuwa wamefungua valvu zote za kituo. Zote zilikuwa zimepona.

*

Meneja wa kituo, Hanifa Nampesya, alikuwa na tabia ya kuvua viatu chini ya meza anapofikiri. Siku hiyo viatu vilivuliwa kabla Asumini hajamaliza sentensi ya pili.

“Mvuke wa moto unauua, sivyo?” Hanifa aliuliza. “Tuchemshe bomba lote. Tumalize.”

“Tukiuua kwenye bomba lote, mama, tutaua watu mjini.” Asumini alijaribu kusema taratibu. “Mabomba ya mitaani yamezeeka ardhini. Hayakubadilishwa kwa sababu hayakuvuja. Yale sasa ni ukoga uliovaa kutu. Ukiuondoa, gesi itatoka chini ya kila nyumba.”

“Basi valvu peke yake.”

“Utarudi kutoka kwenye bomba. Kuchokonoa valvu moja ni kazi ya siku nzima. Kabla hujafika ya mwisho, ya kwanza imeshaziba tena.”

“Kwa hiyo hakuna dawa?”

“Ipo. Ukoga hauvumilii joto. Tukivisha kila valvu pete ya umeme inayokaa na joto la chai wakati wote, hautasogea pale. Lakini pete hizo hazipo popote, ni za kutengenezwa. Na karakana inasema masika itakuwa imekaribia kwisha zitakapokamilika.”

Hanifa alitazama dirishani. Mawingu yalikuwa yameshaanza kujikusanya juu ya vilima.

Njia zilizobaki zilikuwa mbili. Ya kwanza, kushusha presha ya bomba zima kiasi kwamba hata ikipanda ghafla isifike pabaya. Hapo mji ungepata gesi nusu, katikati ya mvua, na ungetaka kujua kwa nini. Ya pili aliitoa Severini, akiwa amesimama mlangoni na kofia ngumu mkononi.

“Tutakaa kwenye koki za mkono,” alisema. “Kila valvu na mtu wake, mchana na usiku. Presha ikiruka, tunafungua sisi badala ya valvu. Mjini hawatajua lolote.”

“Mkichelewa?” Asumini aliuliza.

“Tukichelewa, kitakachopasuka ni hapa. Hapa tuko wachache. Na wewe unawajua watu, Daktari. Wakisikia bomba linaumwa, mmoja atachimba ajionee, mwingine atabomoa koki ya jirani. Hofu yao itawaua kabla ya gesi.”

Hakukuwa na ubabe katika sauti yake. Alisema kama mtu anayepanga zamu za wiki ijayo. Hanifa alimgeukia Asumini, na Asumini alijua kwamba anaulizwa yeye, kwa sababu ukoga ulikuwa wake.

Aliwaza jiko la harusi. Aliwaza mji mzima ukiogopa kitu alichokitengeneza ili usiogope tena.

“Tuanze hivyo,” alisema.

*

Mume wake, Dadi, alikuwa na tanuri la mikate nyuma ya nyumba, na alikuwa mtu ambaye furaha yake haikuhitaji sababu kubwa. Asumini alimkuta akiwa amejaa unga hadi kwenye nyusi, akichungulia moto wa buluu chini ya tanuri na kutikisa kichwa kwa kuridhika.

“Angalia ulivyotulia,” Dadi alisema. “Hautikisiki hata kidogo. Mke akiwa ndiye mwenye bomba, mkate hauungui.”

Asumini aliketi kwenye gunia la unga, akamweleza yote. Alipomaliza, Dadi alipangusa mikono, akaketi kwenye gunia la pili.

“Na wao wamekubali? Hao wa kwenye koki?”

“Wamejitolea.”

“Wamejitolea kwa sababu hakuna mwingine aliyeulizwa.” Alisema bila ukali. “Mimi sijaulizwa. Moto wangu ungeshuka ningelalamika, naapa. Ningekuja mpaka kituoni kupiga kelele. Lakini angalau ningekuwa nimeulizwa.”

“Ukiogopa je? Ukilizima tanuri, ukarudi kwenye kuni?”

“Basi nitarudi kwenye kuni mpaka nichoke moshi.” Alicheka kidogo, kisha akaacha. “Mimi nauza mikate, Asu. Asubuhi watu wanakula na chai, wanaondoka. Hakuna hata mmoja anayejua kuna mtu amesimama na mkono kwenye chuma ili yeye ale. Hilo ndilo linalonikaa vibaya.”

Alimpa mkate wa moto, wakaula pamoja pale pale kwenye magunia. Asumini alilala vizuri usiku ule, jambo lililomshangaza mwenyewe. Aliamua kwamba angesubiri tu mvua za kwanza zipite, kisha angeona.

*

Mvua za kwanza zilikuja na radi.

Ilikuwa alasiri, na Asumini alikuwa maabara akipima kipande cha ukoga, mwanga ulipomwagika dirishani na mlio ukafuata papo hapo. Radi ilikuwa imepiga mitambo ya umeme iliyokuwa ikinywa gesi nyingi kuliko mji wote. Mitambo ilizimika kwa mpigo. Gesi iliyokuwa ikienda huko ikakosa pa kwenda, ikageuka nyuma, na presha ikapanda kuelekea Mnali.

King’ora kililia. Asumini alitoka mbio kwenye mvua.

Mafundi walikuwa wameshaanza kufungua. Koki moja baada ya nyingine ilivuma, na sauti ya Severini ilisikika juu ya kelele zote ikiita majina yao, kila mmoja akijibu. Jina la Tunu lilipoitwa, hakujibu. Asumini alimwona mwisho wa jukwaa, akiwa amening’inia kwenye gurudumu la koki lililokataa kuzunguka. Glavu zake zilikuwa zimelowa na kuteleza. Alizivua, akazitupa, akashika chuma kwa mikono mitupu, akavuta kwa uzito wote wa mwili wake.

Gurudumu likazunguka. Gesi ikafyatuka.

Gesi yenye presha kubwa ikiachiwa ghafla, inapoa. Inapoa kiasi cha kugandisha maji ya mvua juu ya chuma hata katika joto la pwani. Asumini aliona koki ikigeuka nyeupe, weupe ukapanda kwenye gurudumu, ukafika kwenye vidole vya Tunu. Tunu alipiga kelele, lakini hakuachia. Alibaki amelishika mpaka Severini alipopaza sauti kwamba mishale yote imerudi, na wakati huo hakuweza tena kuachia hata angetaka. Kiganja cha kulia kilikuwa kimenata.

Severini alifika akiwa na chupa ya chai. Alimimina chai ya vuguvugu polepole juu ya mkono na chuma, akimwambia, “Usivute, mwanangu, usivute,” mpaka mkono ukaachana na koki. Sehemu ya ngozi ilibaki kwenye chuma.

Walimlaza kwenye benchi chini ya paa. Tunu alikuwa na macho makavu, akiutazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine.

“Jumapili ni zamu yangu kumsuka binti yangu,” alisema. “Nani atamsuka?”

Asumini alimshika bega hadi gari la wagonjwa lilipokuja, kisha alitembea moja kwa moja hadi ofisini akiwa anachuruzika maji.

“Nakwenda kuwaambia watu,” alisema. “Wote. Ukinizuia nitakwenda hivyo hivyo.”

Hanifa alikuwa amesimama pekupeku katikati ya chumba. Alikuwa ametazama yote kwa dirisha.

“Nani amesema nakuzuia?” alijibu. “Ngoja nivae viatu.”

*

Walikutana kwenye uwanja wa shule ya Kihogoni Jumamosi asubuhi, na watu walikuwa wengi hadi wengine wakasimama juu ya madawati yaliyotolewa nje. Asumini alieleza kwa maneno ya jikoni. Alisema bomba la mjini limechakaa, na kinachozuia gesi ni kitu hai alichokitengeneza yeye. Alisema kitu hicho sasa kimeziba mahali ambapo hakikutakiwa kuziba. Alisema pete za joto zinatengenezwa, na kwamba tangu valvu zilipoziba kuna watu waliokuwa wakikaa kwenye koki kwa niaba ya mji bila mji kujua, na kwamba mmoja wao, binti, ameumia mkono.

Minong’ono ilianza, ikageuka kelele. Mzee mmoja, fundi seremala, alinyoosha mkono.

“Si mkiue hicho kidudu! Mnakionea huruma ya nini?”

“Kikifa leo, baba, gesi itatoka chini ya nyumba yako leo,” Asumini alisema. “Nitakiua siku mabomba yote yatakapokuwa mapya. Leo kinakushikilia.”

“Kwa hiyo nyumba yangu inashikiliwa na utelezi?” mtu alipaza sauti kutoka nyuma, na wengine wakacheka, kicheko kifupi cha watu wasiojua wafanye nini.

Bi Hidaya Mtauka hakucheka. Aliuza nyanya na vitunguu sokoni, na alikuwa ameleta kigoda chake mwenyewe, akakaa mstari wa mbele. Hakunyanyuka kuuliza.

“Huyo aliyeumia. Ni binti wa nani?”

Tunu alikuwepo. Alisimama, mkono ukiwa kwenye bandeji nene kama mkate. “Mimi hapa, bibi. Ni wa marehemu mzee Malibiche.”

“Alaa. Baba yako alinijengea banda langu.” Bi Hidaya akamgeukia Asumini. “Na ninyi, kwa nini mlinyamaza?”

Asumini alikuwa ameandaa majibu mengi njiani. Aliyaacha yote.

“Niliogopa kwamba mtaogopa.”

“Ehe. Nimeogopa,” Bi Hidaya alisema. “Nimeogopa kweli kweli, na bado nimekaa hapa. Sema sasa, mnataka tufanye nini?”

Hanifa alieleza. Presha ishuke kwa nusu. Mji upike kwa zamu, mtaa kwa mtaa, na zahanati peke yake ndiyo ipate gesi wakati wote. Hakuna atakayekaa tena kwenye koki zile. Ubishi ulikuwa mrefu. Wenye hoteli walilalamika, wenye watoto wadogo walilalamika, na Dadi, kama alivyoapa, alilalamika kuliko wote, kisha akawa wa kwanza kunyanyua mkono kukubali. Watu wa mtaa wa Mnarani waligoma, wakaondoka wakisema hawapangiwi muda wa kula. Lakini hakuna aliyekwenda kuchimba bomba. Severini, aliyesimama kando ya lango tangu mwanzo akiwachunguza, aliliona hilo, na Asumini alimwona akivua kofia na kujikuna kichwa.

*

Ikawa masika ya moto mdogo. Maharage yalichukua nusu siku. Nyumba ambazo zamu yao haijafika zilipeleka sufuria kwa jirani ambaye zamu yake imefika, na sufuria zilirudi zimepungua kidogo, na ugomvi wake ulikuwa wa aina ambayo watu husimulia baadaye huku wakicheka. Dadi alioka mikate midogo, akaiita ya masika, akaiuza bei ile ile hadi alipotukanwa. Mnarani walikuja kuomba zamu baada ya siku chache, wakiwa wamekonda heshima tu.

Pete za joto zilifika mvua zilipoanza kukatika. Severini na wenzake walizivisha moja moja, Asumini akashika tochi na kuwapa spana. Siku ya kuzijaribu, kila valvu ilipiga mluzi wake hadi mbwa wa kijiji cha jirani wakaitikia, na Severini akasema kwaya yake haijawahi kuimba vizuri namna hiyo. Presha ikarudishwa. Ukoga ukaendelea kufanya kazi yake mitaani gizani, na shirika la gesi likaanza kufukua mabomba ya zamani, mtaa wa Kihogoni ukiwa wa kwanza.

Mkono wa Tunu ulipona, ingawa kiganja kilibaki na ngozi ya kung’aa isiyokunjika vizuri. Siku moja Asumini alifuatana naye sokoni. Tunu alikuwa amerudi kazini wiki hiyo, na alitaka nyanya za mchuzi.

“Shikamoo, bibi,” Tunu alisema. “Nipimie mafungu mawili.”

“Marahaba.” Bi Hidaya alichagua nyanya, akazitia kwenye mfuko, lakini hakuutoa. Aliushikilia mapajani. “Presha leo ikoje?”

Asumini alifungua mdomo kujibu, kisha akagundua kwamba hakuulizwa yeye. Bi Hidaya alikuwa anamtazama Tunu. Na muuza ndizi wa banda la pili alikuwa ameacha kuhesabu chenji ili asikie.

“Asubuhi ilipanda kidogo,” Tunu alisema. “Tumeishusha. Saa hizi iko sawa.”

“Kidogo kiasi gani?”

Tunu alieleza kiasi gani. Bi Hidaya aliwaza, akakubali kwa kichwa, akamkabidhi mfuko.

“Haya,” alisema. “Na kesho upite unipe habari, hata kama hununui.”